Kuingia Kiwanja Kisicho na Mnara Kando ya Ziwa Victoria: Moja kwa Moja, kwa Daunwindi, au kwa Kupita Juu?

Rubani anayeondoka Mwanza asubuhi kwenda Rubondo huwa na mtu wa kumpangia njia kwa dakika chache za mwanzo tu. Mnara humpa ruhusa ya kuruka, humweleza ni nani aliye karibu naye, kisha huagana naye. Baada ya hapo husafiri takriban maili 65 juu ya maji na visiwa kuelekea kiwanja kisicho na mwongoza ndege hata mmoja, ambako kila anayefika hujitafutia mwenyewe nafasi yake ya kutua. (Maili zote ninazozitaja ni za baharini, na vimo ni vya futi, kwa kuwa ndivyo vipimo vilivyo kwenye vyombo vyetu.) Hali ni hiyohiyo katika viwanja vingi vidogo vya visiwani na vya hifadhini katika ukanda huu wa ziwa.

Wanafunzi wa urubani huniuliza mara kwa mara ni ipi iliyo bora kati ya njia tatu: kuja moja kwa moja hadi kwenye njia ya kurukia, kujiunga na mzunguko (ile njia ya mstatili ambayo ndege huifuata kuzunguka kiwanja kabla ya kutua) kwenye daunwindi, yaani ule mkono wa mzunguko unaokwenda sambamba na njia ya kurukia huku upepo ukiwa mgongoni, au kupita kwanza juu ya kiwanja ndipo kushuka. Wengi hutaka jibu la mafuta na muda. Mimi huzipima kwa swali jingine, na nitalitumia tangu mwanzo hadi mwisho wa ulinganisho huu: ni njia ipi itakayonilinda hata pale ambapo mwenzangu hanisikii?

Redio inatoa nini, na kimya kina maana gani

Katika kiwanja kisicho na mnara redio hutumiwa kutangaza, haitumiwi kuomba. Rubani huweka masafa yaliyochapishwa kwa ajili ya kiwanja hicho, kisha huwaeleza wote wanaosikiliza yeye ni nani, yuko upande gani na umbali gani, yuko katika kimo gani, na anakusudia kufanya nini. Hakuna anayemruhusu wala anayemkatalia. Kimya kinachofuata kinaweza kumaanisha kwamba hakuna mtu. Kinaweza pia kumaanisha kwamba yupo mtu aliyesahau kubadilisha masafa, au aliyepunguza sauti ya redio ili azungumze na abiria, au aliye ardhini nyuma ya kilima cha mawe, au aliyebonyeza kitufe chake katika sekunde ileile uliyobonyeza wewe. Wawili wakizungumza kwa pamoja kwenye redio hizi, wasikilizaji hupata mluzi au mkwaruzo, na wazungumzaji wenyewe hawajui kwamba hawakusikika.

Mawimbi ya redio za ndege husafiri kwa mstari wa macho. Ndege mbili zilizo futi 1,000 juu ya maji zinaweza kusikiana zikiwa zimetengana kwa maili 70 na zaidi, ilhali ndege iliyosimama nyuma ya mwamba isimsikie anayekuja akiwa maili tano tu. Ndiyo sababu jina la kiwanja hutajwa mwanzoni mwa tangazo na kurudiwa mwishoni: anayesikia nusu ya maneno, au anayesikia tangazo la kiwanja kingine kinachotumia masafa yaleyale, apate angalau kujua kama habari hiyo inamhusu. Alama za nchi zinasaidia pia, na Daraja la Kigongo–Busisi linaonekana vizuri sana kutoka juu, lakini rubani aliyetoka Arusha au Nairobi huenda hajui daraja hilo liko wapi. Tamko la upande, umbali na kimo lisikosekane hata kama umetaja alama.

Tarehe 19 Novemba 1996, katika kiwanja cha Quincy, jimbo la Illinois nchini Marekani, ambacho hakikuwa na mnara, ndege ya abiria aina ya Beech 1900 ilikuwa ikija kutua wakati ndege nyingine aina ya King Air ikijiandaa kuruka kwenye njia iliyokatiza ile ya kwanza. Marubani wa Beech waliuliza redioni kama King Air ingesubiri. Aliyejibu alikuwa rubani wa ndege ndogo aina ya Cherokee iliyokuwa nyuma ya King Air, na sehemu ya maneno yake ilimezwa na sauti ya chombo cha tahadhari ndani ya Beech. Wao wakaamini kwamba King Air ndiyo iliyojibu, na kwamba ingesubiri. Ndege hizo ziligongana kwenye makutano ya njia mbili, na watu wote 14 waliokuwa katika hizo mbili walikufa. Ninaisimulia ajali hii kabla ya kulinganisha chochote kwa sababu redio ya Beech ilikuwa nzima, swali liliulizwa vizuri, na jibu lilipatikana, ila lilitoka kwa mtu mwingine.

Kwa sababu hiyohiyo siipendi ile desturi ya kuuliza redioni kama kuna ndege yoyote katika eneo na kuitaka ijitaje. Miongozo ya Marekani inaikataza waziwazi. Inaweza kuwafanya watatu wajibu kwa pamoja, na asipojibu mtu, aliyeuliza huondoka na imani isiyo na msingi kwamba anga ni tupu.

Moja kwa moja

Njia hii ina sifa zake, na si haki kuzificha. Ndege kubwa kidogo, yenye kasi na iliyojaa abiria, hutua vizuri zaidi ikija katika mstari ulionyooka, kwa mteremko mmoja na bila kona za chini. Humpunguzia rubani kazi, huokoa dakika kadhaa, na mgonjwa anayesafirishwa hafaidiki chochote kwa kuzungushwa. Ninayemwelewa zaidi ni rubani anayekuja na wingu la mvua nyuma yake.

Hata hivyo, anayekuja hivi hufika akiwa hajaona karibu chochote. Soksi ya upepo, yaani mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavuma upande gani, haionekani akiwa maili tano. Nyumbu au ng'ombe aliyelala katikati ya njia ya changarawe huonekana akiwa amebakiza sekunde chache. Jioni, kwenye njia inayoelekea magharibi, jua la saa kumi na moja humpiga machoni pamoja na mng'ao wa maji. Zaidi ya hayo, anawakatiza watu waliokwisha kujipanga kwenye mzunguko, ambao macho yao yako kwenye njia ya kurukia na hawatazami maili nne nyuma ya fainali, yaani ule mkono wa mwisho ulionyooka kuelekea njia ya kurukia.

Tarehe 18 Agosti 2022, huko Watsonville, California, ndege ya injini mbili aina ya Cessna 340 ilikuja moja kwa moja katika kiwanja kisicho na mnara wakati Cessna 152 ikiwa kwenye mzunguko. Rubani wa Cessna 340 alitangaza akiwa maili 10, akatangaza tena akiwa karibu. Rubani wa Cessna 152 naye alitangaza, na mwishoni alisema redioni kwamba mwenzake alikuwa akimjia kwa kasi. Ziligongana kwenye fainali, na watu watatu walikufa pamoja na mbwa mmoja. Ndege hiyo kubwa ilikuwa na kasi iliyozidi sana ile ya kawaida ya kutua, kwa hiyo umbali alioutaja rubani ulimpa mwenzake picha isiyo sahihi ya muda uliobaki. Maili tatu kwa noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, ni dakika mbili kamili. Maili hizohizo kwa noti 180 ni dakika moja. Mtu anayesikia neno "maili tatu" huhesabu kwa kasi ya ndege anayoijua yeye.

Neno "fainali" nalo lina mipaka yake. Katika lugha rasmi ya redio, anayekuja moja kwa moja akiwa maili nane hutangaza kuwa yuko kwenye fainali ndefu, na neno "fainali" tupu husubiri hadi maili nne. Nimewasikia watu wakisema "fainali" wakiwa maili 12 juu ya ziwa. Aliye kwenye besi, yaani mkono wa mzunguko unaotangulia fainali, akilisikia neno hilo humtafuta mwenzake mahali asipokuwepo, na huenda akakata tamaa ya kumtafuta kabla hajafika.

Kando ya ziwa letu kuna jambo jingine linaloniondolea imani na njia hii, nalo ni utulivu wa asubuhi. Saa mbili au saa tatu asubuhi mara nyingi soksi ya upepo hulegea kabisa, na njia ya kurukia hutumika vizuri kutoka ncha zote mbili. Anayetoka mashariki huchagua ncha iliyo karibu naye, na anayeondoka kuelekea mashariki huchagua ncha ya upande wa pili kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili wana hoja nzuri, na wote wawili wanatazamana. Kila mmoja akiwa na noti 120, umbali kati yao hupungua kwa maili nne kila dakika, kwa hiyo maili moja ya mwisho huisha kwa sekunde 15. Makadirio yanayotumiwa na mamlaka ya anga ya Marekani ni kwamba rubani huhitaji takriban sekunde 12.5 tangu anapokiona kitu, akakitambua, akaamua, hadi ndege yenyewe inapoanza kugeuka.

Yalinipata hayohayo miaka kadhaa iliyopita katika kiwanja kimoja cha kisiwani. Nilitangaza mara tatu, hakuna aliyejibu, na nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa kwa kuingia moja kwa moja. Nilibadilisha nia dakika za mwisho kwa sababu tu sikumbuki kuwahi kukuta kiwanja kile kikiwa tupu saa ile. Nilipokuwa juu yake niliona ndege ndogo nyeupe ikikimbia kwenye njia, ikiruka kuelekea kule nilikotokea. Tulipokutana baadaye rubani wake, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Samahani sana Kapteni, nilikuwa bado kwenye masafa ya mnara." Hakuwa mzembe. Alikuwa amesahau kugeuza kitufe kimoja, kosa ambalo mimi pia nimewahi kulifanya.

Kwa daunwindi

Kama tayari unajua kwa hakika njia inatumiwa kuelekea upande gani, na unatokea upande ulio na mzunguko, njia hii ni nzuri na haihitaji maelezo mengi. Unaingia ukiwa umenyooka katika kimo cha mzunguko, kwa kawaida futi 1,000 juu ya kiwanja, ukikata kwa mshazari kuelekea katikati ya daunwindi, na wote walio kwenye mzunguko wako mbele yako katika kimo chako, mahali ambapo jicho huwapata kwa urahisi. Kona huwa za kushoto isipokuwa kama imechapishwa vinginevyo.

Udhaifu wake uko katika lile neno "kama tayari unajua". Habari ya upepo uliyopewa kwa simu kabla ya kuondoka Mwanza ina umri wa nusu saa au zaidi utakapofika, na kando ya ziwa upepo hugeuka kadiri nchi kavu inavyopata joto, ukaanza kuvuma kutoka majini kuelekea bara. Anayefika karibu na saa sita mchana anaweza kukuta mzunguko umepinduka. Visiwani kuna suala la ziada: daunwindi mara nyingi huwa juu ya maji. Ndege kama Cessna 172, injini ikizima katika futi 1,000, huelea takriban maili moja na nusu ikiwa hakuna upepo, na kona ya kurudi hula sehemu ya umbali huo. Mzunguko mpana wa maili mbili, ambao wengine huupenda kwa sababu ni wa starehe, haufai mahali hapo.

Kwa kupita juu

Hapa ndipo ninapoegemea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu, pamoja na kasoro zake.

Mtindo unaofundishwa Uingereza na katika nchi nyingi zilizofuata mafunzo yake ni kufika juu ya kiwanja ukiwa na futi 2,000 juu ya ardhi yake, kuzunguka huku ukitazama soksi ya upepo na njia ya kurukia, kushuka hadi futi 1,000 katika upande usio na mzunguko, kisha kukatiza juu ya ile ncha ambayo ndege huipita mwishoni zinaporuka, na kuingia daunwindi. Wamarekani hufanya tofauti kidogo: hupita juu ya mzunguko, huenda maili kadhaa nje, hushuka huko, kisha hurudi kwa mshazari. Jambo muhimu katika yote mawili ni kutoshuka ukiwa ndani ya daunwindi, kwa maana ndege yenye mabawa chini haimwoni aliye chini yake, na yenye mabawa juu haimwoni aliye juu yake.

Namba zake katika ukanda huu zinahitaji kuhesabiwa kabla ya kuruka. Uso wa ziwa uko takriban futi 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja cha Mwanza kiko futi 3,763. Kwa kiwanja cha ufukweni, basi, mzunguko utakuwa kwenye takriban futi 4,750 za altimita (chombo cha kuonyesha kimo) na kupita juu kwenye 5,750. Seronera, ndani ya Serengeti, iko juu ya futi 5,000, kwa hiyo kila kitu hupanda kwa zaidi ya futi 1,200. Rubani aliyezoea Dar es Salaam, ambako mzunguko husomeka karibu futi 1,200, anapaswa kuziandika namba hizi kwenye karatasi ya gotini badala ya kuzitafuta kichwani wakati abiria wanauliza kama tumefika. Akumbuke pia kwamba kwa kila futi 1,000 kasi halisi huzidi ile inayoonyeshwa kwa takriban asilimia mbili, na kona huwa pana zaidi ya alivyozoea.

Faida ya njia hii ni kwamba macho hufanya kazi ambayo redio haikuifanya. Unaona upepo wa sasa, kwenye soksi na kwenye mikunjo ya maji. Unaona swala, pikipiki, watoto waliokuja kutazama ndege. Unaona ndege iliyosimama mwanzoni mwa njia ambayo haikusema neno. Unaona pia korongo wakipanda na hewa ya joto, na ile mithili ya moshi inayosimama juu ya ziwa ambayo kumbe ni wadudu, nisingependa kuipita. Hakuna tangazo la redio litakalokueleza hayo, kwa kuwa hakuna kati ya hao aliye na redio.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hukusanya watu mahali pamoja. Wawili waliofundishwa vizuri watafika juu ya nukta ileile katika kimo kilekile, na ndege itakayokugonga ndiyo isiyosogea kwenye kioo: huonekana kama doa lililotulia, kisha hukua ghafla. Katika ndege yenye mabawa juu, kama Caravan inayotumika sana kwetu, bawa hufunika upande wa ndani wa kona, yaani upande uleule unaotaka kuutazama. Mimi hunyoosha bawa kila baada ya robo ya kona, hutazama, ndipo huendelea. Hapo pia tangazo la redio lina thamani yake kubwa kuliko mahali pengine popote, ili wawili wanaosikiana wakubaliane kwamba mmoja abaki futi 500 zaidi hadi mwingine ashuke.

Vyombo vya kuonyesha ndege, na mtu aliye chini

Baadhi ya wenzetu sasa hubeba kishikwambi kinachoonyesha ndege za jirani kwa ADS-B, mfumo ambao ndege hutangaza yenyewe mahali ilipo, na huuliza kama hicho hakimalizi mjadala. Kinasaidia sana kujua utazame wapi. Lakini huonyesha tu ndege inayotangaza mahali ilipo, na ndege ndogo isiyo na kifaa hicho, au ambayo kifaa chake kimezimwa, haimo kwenye picha. Ndani ya maili tatu napendelea macho ya rubani yawe nje.

Mtu wa chini nampa uzito mkubwa zaidi kuliko wengi wanavyompa. Kabla ya kuwasha injini mimi humpigia simu msimamizi wa kiwanja: "Shikamoo mzee, njia ikoje leo?" Naye hujibu, "Marahaba mwanangu, wanyama tumewaondoa, ila kuna ndege moja inapakia, itaondoka muda wowote." Sentensi hiyo moja ya mwisho hunifaa kuliko matangazo matano yasiyojibiwa. Akiwa na redio ya mkononi na amefundishwa kuitumia, anaweza kutoa habari hiyo nikiwa angani. Habari yake hata hivyo ni habari tu. Hana mamlaka ya kuniruhusu kutua, na si haki kumbebesha mzigo huo.

Uchaguzi wenyewe

Kwa kiwanja cha kisiwani au cha hifadhini, katika ndege ndogo, mchana na hali ya hewa ikiwa safi, chagua kupita juu, hata kama redio iko kimya, na hasa ikiwa kimya. Chagua daunwindi iwapo umemsikia mtu aliyeko kwenye mzunguko akitaja upande unaotumika, au mtu wa chini amekuthibitishia upepo wa dakika hiyo. Moja kwa moja iachie ndege ambayo kweli haifai kuzungushwa, nayo itangaze tangu maili 10, itaje dakika zilizobaki pamoja na maili, ipunguze kasi mapema, na iwe tayari kuacha kutua na kupanda tena iwapo kuna mtu kwenye besi. Kuja kwa mstari ulionyooka hakumpi mtu haki ya kuwasukuma waliotangulia.

Mawingu hubadilisha hesabu hii. Katika miezi ya masika ngurumo za usiku juu ya ziwa huacha mawingu ya chini hadi saa tatu au nne asubuhi, na yakiwa chini ya futi 2,000 juu ya kiwanja, kupita juu kwa mtindo nilioueleza hakuwezekani. Usijaribu kupita juu kwa futi 1,200, kwa sababu hapo utakuwa futi 200 tu juu ya walio kwenye mzunguko. Shuka mapema juu ya maji, mbali na kiwanja, ufike kimo cha mzunguko ukiwa bado maili tano nje, kisha ingia daunwindi. Ikiwa hata futi 1,000 hazipatikani, rudi Mwanza, ambako kuna mnara. Kwa hiyo mafuta ya kwenda Rubondo yanahesabiwa pamoja na maili 65 za kurudi, akiba ya angalau dakika 30, na dakika tano za kuzunguka juu ya kiwanja, na hesabu hiyo inafanywa kabla abiria hawajapimwa mizigo.